Akili, Siri na Ridhaa: Lugha ya Kuwafunza Wafanyakazi wa Ofisi za Kilimani Matumizi Salama ya Akili Unde

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta na mawakili, lakini ambalo, kwa maoni yetu, kiini chake ni cha lugha. Nalo ni mafunzo wanayopewa wafanyakazi ili waitumie akili unde kazini pasipo kujidhuru wenyewe, wala kuwadhuru waajiri wao, wala watu ambao habari zao zimo mikononi mwao. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kujadili istilahi katika kamusi na mitaala. Hapa tunawaomba wazitazame istilahi zinapofanya kazi mahali ambapo neno likieleweka vibaya mtu hupata hasara.

Mahali tulipopachagua pawe mfano ni Kilimani, upande wa magharibi wa kati ya jiji la Nairobi. Mtaa huu, ambao zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa, leo umejaa majengo marefu ya makazi na ofisi. Mnamo mwaka 2010 iHub ilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, kando ya barabara ya Ngong, na tangu hapo jina la eneo hilo likafungamana na kazi za kompyuta. Lakini si hao tu waliomo. Mmo hospitali, mashirika yasiyo ya kiserikali, mawakili, wahasibu, mikahawa, na kila jengo la makazi lina msimamizi wake na walinzi wake langoni. Wote hawa huandika habari za watu kila siku. Na mwenye simu ya mkononi yenye intaneti anaweza kuzitia habari hizo katika programu ya akili unde wakati wowote, mwajiri wake apende asipende.

Hali ya lugha katika ofisi hizi inajulikana. Mkataba wa kazi huandikwa kwa Kiingereza, mkutano wa asubuhi huanza kwa Kiingereza na kumalizikia kwa Kiswahili, maelekezo ya haraka hutolewa kwa Sheng, na malalamiko juu ya mkubwa wa ofisi hutolewa kwa lugha yoyote asiyoielewa mkubwa huyo. Mafunzo ya usalama huangukia upande wa mkataba, yaani upande wa Kiingereza. Mfanyakazi huonyeshwa maandishi ukutani kwa muda wa saa moja, hutia sahihi fomu, kisha hurudi kazini. Hapana shaka kwamba mwajiri amepata sahihi. Linalobaki la kuchunguzwa ni kama mfanyakazi amepata maarifa.

2. Jina na mzigo wake

Yapo majina matatu yanayoshindana katika Kiswahili cha leo: akili bandia, akili mnemba na akili unde. La pili limeshika sana Tanzania, ingawa kwa wasomaji wengi wa Nairobi mnemba ni kwanza jina la kisiwa kilicho karibu na Unguja. La tatu husikika zaidi Kenya, nalo tumelitumia hapa kwa sababu kitenzi chake, kuunda, kiko wazi kwa kila msemaji. La kwanza lina kasoro kubwa kwa shughuli ya mafunzo, kwani kitu bandia ni kitu cha uongo kinachojifanya cha kweli, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba kuna akili nyingine halisi ya aina hiyo hiyo inayouzwa mahali pengine kwa bei ya juu. Hata hivyo ushindani huu hautusumbui sana. Tulikwisha kuona tarakilishi na ngamizi zikifundishwa madarasani huku ofisini watu wakisema kompyuta, na kazi haikusimama.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno ambalo majina yote matatu yanashirikiana, yaani akili. Katika Kiswahili, akili si wingi wa maarifa tu. Ni uwezo wa kupambanua jema na baya, na ndiyo maana wosia au mapatano husemwa kuwa halali pale mwenyewe alipokuwa na akili timamu. Mwenye akili huulizwa. Asiye na akili, mathalani mtoto mchanga, haulizwi, bali huulizwa mzazi wake. Kwa hiyo tukimwambia karani kwamba amepewa akili ya kumsaidia, tumekwisha kumdokezea kwamba yupo wa kuulizwa badala yake. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, wa kuulizwa ni mtu au shirika lililoamua data itumiwe kwa shabaha gani na kwa njia gani. Mashine haina kiti mbele ya Kamishna.

Mkufunzi hana budi, basi, kueleza utendaji wenyewe kwa maneno mepesi. Programu ya namna hii imepitishwa katika matini nyingi mno, na kutokana nazo imejifunza ni kipande gani cha neno kinachoelekea kufuata kipande kingine. Ukiiuliza swali, huendeleza maandishi kipande kwa kipande. Iwapo jibu sahihi limezoeleka katika matini hizo, mara nyingi litatoka sahihi. Iwapo halimo, mwendelezo utatoka vilevile, kwa ufasaha uleule na kwa sauti ileile ya kujiamini. Baadhi ya programu huweza pia kutafuta katika intaneti kabla ya kujibu, lakini hata hapo uandishi wa jibu hufanyika kwa njia hiyo hiyo.

Wapo wanaotaka wafanyakazi wakatazwe kusema “mashine imesema”. Sisi hatuoni haja. Twasema barua inasema na saa inasema, na hakuna aliyewahi kumpelekea shauri saa. Panapofaa pazuiwe ni kwenye kitenzi kujua na kwenye upatanisho wa ngeli: msemaji akihama kutoka “imesema” hadi “amesema”, ameihamisha mashine kutoka ngeli ya vitu hadi ngeli ya watu, na hapo mkufunzi ana sababu ya kusimama na kuuliza kwa nini.

Haifai pia kusahauliwa kwamba nyuma ya mashine wamo watu, na baadhi yao ni wa jiji hili hili. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi walivyosoma na kuainisha matini za kutisha kwa ajili ya OpenAI, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa, ili programu ifunzwe kuzitambua. Mfanyakazi wa Nairobi alikuwa mwalimu wa mashine kabla ya kuwa mwanafunzi wa mafunzo yake.

3. Siri, faragha na data binafsi

Sasa tufikie neno ambalo, kwa kadiri tunavyoona, ndilo huleta hatari kubwa kuliko yote. Agizo la kawaida ni hili: “Usitie siri za kampuni katika programu ya akili unde.” Ni agizo jema. Mfano unaotajwa sana ni wa Samsung huko Korea ya Kusini, ambako mwaka 2023 wahandisi walitia katika ChatGPT msimbo wa programu za kampuni na kumbukumbu za mkutano ili wasaidiwe. Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku matumizi ya namna hiyo. Kila mtu aliyewahi kuajiriwa anaelewa kosa lilikuwa wapi, kwa sababu neno siri linaelewa vizuri kisa hicho. Siri ni jambo ambalo mwenyewe amelificha na hataki litoke.

Lakini namba ya simu ya mpangaji si siri. Huiandika mwenyewe kila mahali. Namba ya kitambulisho chake si siri. Huisoma kwa sauti langoni mbele ya watu kumi. Jina la mtoto wake si siri. Mfanyakazi aliyefundishwa kulinda siri peke yake atazipeleka habari zote hizi kwa mashine bila ya dhamiri kumsuta, naye kwa mujibu wa lugha yake hajavunja agizo lolote. Kumbe sheria ya 2019 hailindi siri. Inalinda data binafsi, yaani habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Tena imetenga kundi la data nyeti, ambamo mmetiwa hali ya afya, asili ya kikabila, imani, mali, ndoa, na hata majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa.

Tofauti hii si ya vitabuni. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge, mkahawa ulio kando ya barabara hii hii ya Ngong, shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja katika mitandao ya kijamii bila ya ridhaa yake. Wakati huo huo shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ya ridhaa ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za simu zilizopatikana kwa watu wengine. Akili unde haikuhusika katika mashauri haya. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha kipimo. Mtu aliyekaa mkahawani mbele ya umati hakuwa na siri ya uso wake. Alikuwa na haki juu ya picha yake, na haki hiyo haikupotea kwa kuwa watu walimwona.

Kiswahili kina neno faragha, nalo hutumika kutafsiri haki iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Hata hilo lina mipaka yake. Faragha kwa wasemaji wengi ni mahali: watu huenda faragha, huzungumza faraghani. Namba ya simu haina mlango wa kufungwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mkufunzi asitafute neno moja la kubeba yote, bali atumie usemi “habari za mtu”, na aeleze kwamba habari za mtu ni mali ya kutunziwa hata zikiwa zinajulikana na mtaa mzima. Mlinganisho wa amana unafaa hapa. Aliyewekewa amana haruhusiwi kuiazima kwa jirani kwa hoja kwamba kila mtu aliiona ikiletwa.

Neno la pili katika fungu hili ni ridhaa. Sheria inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Ofisini hutumika zaidi neno ruhusa, na ruhusa katika Kiswahili huteremka: hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mfanyakazi akiulizwa kwa nini alitia orodha ya wagonjwa katika programu, hujibu kwa unyofu kamili kwamba alipewa ruhusa, maana yake na mkubwa wake. Ridhaa haitoki huko. Hutoka kwa yule ambaye habari ni zake, awe tajiri au mfagizi, na mkuu wa ofisi hawezi kuitoa kwa niaba yake. Kweli, sheria inaruhusu data itumiwe pia kwa misingi mingine, kama kutimiza mkataba au wajibu wa kisheria. Lakini mtu asiyetofautisha ruhusa na ridhaa hawezi hata kuanza kuuliza ni msingi gani unaomhusu.

Mfano wa langoni utatusaidia. Mlinzi wa jengo la makazi huandika kitabuni jina la mgeni, namba ya kitambulisho, namba ya simu na nyumba anayoiendea. Mwisho wa mwezi msimamizi anataka jedwali. Njia ya mkato ni kuzipiga picha kurasa zote na kuiagiza programu izipange. Kazi ya siku mbili inakwisha kwa dakika chache, na majina ya mamia ya watu yamekwenda kwenye seva zilizo nchi nyingine, ilhali sheria ina sehemu nzima juu ya masharti ya kupeleka data nje ya Kenya. Pengine kampuni yenye programu hiyo itayatumia maandishi hayo kuifunza mashine zaidi, pengine haitayatumia. Hutegemea aina ya mapatano, na programu inayotolewa bure kwa mtu binafsi aghalabu haina masharti sawa na ile inayolipiwa na shirika. Mlinzi hakuitwa kwenye mafunzo. Ilidhaniwa kwamba akili unde ni ya watu wenye meza.

Marufuku pekee hayatoshi, kwa kuwa simu imo mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe. Yafaa aonyeshwe namna ya kuifanya kazi ile ile kwa usalama: ayaondoe majina, aandike “Mgeni A” na “Nyumba ya kwanza”, abakishe tarehe na hesabu tu. Na aonywe kwamba kuondoa jina hakutoshi siku zote. Ukiandika juu ya “mpangaji wa ghorofa ya 9 anayetumia kiti cha magurudumu”, jengo zima linamjua.

4. Mashine inapofasiri

Ni katika sehemu hii ambapo idara za lugha zina la kusema ambalo mafundi hawatalisema. Ofisi nyingi hutumia akili unde kufasiri: taarifa ya mlinzi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, tangazo la wapangaji kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Matini ambazo mashine hujifunzia ni za Kiingereza kwa wingi mno, na Kiswahili hakikupata sehemu inayolingana na idadi ya wasemaji wake. Hata namna ya kukata maneno huathirika. Neno “hatukuwaandikia” lina mofimu saba, ha-tu-ku-wa-andik-i-a, lakini mashine aghalabu hulikata mahali pasipolingana na mofimu yoyote. Miradi kama KenCorpus, iliyokusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, imejaribu kupunguza pengo hilo.

Tuchukue sentensi moja ambayo yaweza kupatikana katika lalamiko lolote la kazini: “Msimamizi alimwambia mhudumu amfuate ofisini.” Kiswahili hakitaji hapa kama msimamizi ni mwanamume au mwanamke, wala mhudumu. Tena “amfuate” yaweza kumaanisha amfuate msimamizi, au amfuate mtu wa tatu aliyetajwa kabla. Kiingereza hakikubali ukimya huo kwa urahisi. Nafsi ya tatu umoja hudai jinsi. Mashine basi huchagua, na huelekea kuchagua mazoea ya matini ilizosoma: msimamizi huwa mwanamume, mhudumu huwa mwanamke. Kama lalamiko ni la unyanyasaji, tafsiri imekwisha kuongeza ushahidi ambao shahidi hakuutoa. Karani anayeipeleka tafsiri hiyo kwenye kikao cha nidhamu hajasema uongo, naye hajui kwamba uongo upo.

Mfano mwingine ni mwepesi zaidi na wa hatari sawa. Mlinzi ameandika: “Gari liliingia saa tatu usiku.” Kila Mswahili anajua ni saa tatu baada ya jua kuchwa. Mashine huweza kuliandika kwa Kiingereza kuwa tukio la saa tatu baada ya usiku wa manane, ambayo kwetu ni saa tisa za usiku. Tofauti ni saa 6. Katika shauri la wizi, saa hizo zinatosha kumtia hatiani mtu aliyekuwa amelala kwake.

Kutokana na mifano hii twapendekeza kwamba mafunzo yawe na zoezi la kufasiri, lifanywe kwa sentensi za kazi ya watu wenyewe, na mwanafunzi atakiwe kuonyesha kila mahali ambapo mashine imeamua jambo ambalo matini ya asili haikuliamua. Zoezi hili huzaa matunda kuliko saa nzima ya maonyo. Lina faida nyingine pia: humweka mfanyakazi mwenye Kiswahili kizuri, ambaye ofisini huenda hathaminiwi sana, katika nafasi ya mkaguzi.

Juu ya habari zinazobuniwa na mashine hatutakawia, kwa kuwa mfano wake umeenea. Mnamo Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ya mashauri ambayo hayakuwahi kuwapo; ChatGPT iliyaandika, nao hawakuyatafuta katika vitabu vya sheria. Mawakili wa barabara ya Argwings Kodhek hawana haja ya kuelezwa zaidi. Hali kadhalika sauti na sura za kuigiza: mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo washiriki wengine wote walikuwa wameigizwa. Kinga dhidi ya hila hiyo ni ya zamani, nayo ni kumpigia mkubwa simu kwa namba unayoijua wewe, si ile uliyopewa. Ugumu wake ni wa adabu. Katika ofisi zetu kumhakiki mkubwa huonekana kama kumdharau, na mkufunzi hana budi kuwapa watu maneno ya kufanyia hivyo, kwa mfano: “Samahani mzee, utaratibu wanitaka nikupigie mimi.” Neno utaratibu hubeba lawama, na heshima hubaki.

5. Kutoa taarifa

Kosa likishatokea, muda ni mfupi. Sheria inamtaka mwenye dhamana ya data amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imefikiwa na asiyestahili na kuna hatari ya madhara. Na anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine amwarifu mwenye dhamana ndani ya saa 48, inapowezekana. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Ikiwa mlinzi au karani atanyamaza kwa wiki moja, kampuni yote imechelewa.

Na kwa nini anyamaze? Kwa sababu fomu imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu maneno yanayomjia ni “kujishtaki” na “kuripotiana”. Yote mawili yana harufu ya adhabu na ya usaliti. Tungependelea maneno “kutoa taarifa ya tukio”, na kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi paandikwe hivi: “Ukiona habari za mtu zimekwenda pasipostahili, mwambie msimamizi leo hii. Swali la kwanza litakuwa nini kimetoka. Nani aliyekosea litaulizwa baadaye.” Tumesita kuandika kwamba halitaulizwa kabisa. Mwajiri hatatimiza ahadi hiyo, na wafanyakazi wanalijua hilo kabla hajaitoa.

Fomu yenyewe iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega. Iulize tarehe, habari zilizotoka, programu iliyotumika na watu wanaohusika. Kwenye nafasi ya saa, pachapishwe visanduku vinne, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na maneno “kwa saa za Kiswahili”, ili atakayezihesabu zile 72 ajue aanzie wapi.